Mvalishe Juu

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na moja, mwezi wa sita, saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Fundi Paa alikuwa amebakiza misumari minne amalize bati la mwisho kwenye ghala la serikali, pale boriti aliyoikanyaga ilipokatika kama biskuti. Wiki moja kabla alikuwa amemwambia msimamizi kwamba boriti zile zimeliwa na mchwa, yamebaki maganda.

"Panda tu, fundi," msimamizi alimjibu. "Mkubwa anakuja Ijumaa. Akute ghala halina kofia?"

Mkubwa hakuja Ijumaa. Fundi Paa alivunjika mguu sehemu mbili. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Yeye chini ameshafika, na mpaka leo anawangoja wenzake.

Kuvunjika mguu si habari. Watu huvunjika, hufungwa plasta, huungana. Habari ni kwamba nyumbani alikuwa na mke ambaye hakuweza kuvaa, kuvua wala kujigeuza kitandani bila yeye.

Mke huyo mtaa mzima ulimwita Mama Tiketi, kwa sababu alikata tiketi miaka ishirini na sita kwenye dirisha dogo la stendi ya mabasi. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto. Miaka miwili baadaye usahaulifu ukaja kuchukua kilichobaki. Alisahau jina la mumewe, kisha akasahau kama ana mume, lakini kazi hakuisahau. Mtu yeyote aliyemgusa mkono aliulizwa, "Tiketi yako?" Asiye na tiketi alipigwa kofi na mkono wa kulia, na mkono ule ulikuwa umejifunza nguvu za mikono miwili.

Fundi Paa hakumaliza darasa la tatu, lakini si mjinga. Alikata karatasi za mifuko ya saruji vipande vipande, akawa anavitia mfukoni. Kila asubuhi alimkalisha mkewe ukingoni mwa kitanda, miguu imekanyaga sakafu sawasawa, taulo mapajani ili asijione uchi. Alimpa kipande. Mkewe alikikagua mbele na nyuma, akakishika kwa meno na kukichana, nusu akamrudishia, kisha akaulegeza mkono. Hapo ndipo gauni lilipopita. Mkono mgonjwa huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Hilo alifundishwa na nesi wa zahanati, naye alilishika kama wengine wanavyoshika dua. Kwa nepi alimlaza, akamkunja goti, akamgeuza kuelekea ukutani, akamfuta kutoka mbele kwenda nyuma, akamkausha kwenye mikunjo, akampaka mafuta. Alifanya hivyo mara tatu kwa siku kwa miaka mitatu, na ngozi ya Mama Tiketi haikuwa na hata upele.

Baada ya ajali, mdogo wake Mama Tiketi alijitahidi kwa siku mbili. Alikuwa mfagiaji wa shule, mwanamke mnene wa maneno na mwembamba wa mwili. Siku ya tatu aliinama kumnyanyua dada yake, akashindwa kunyooka.

"Shemeji," alimwambia Fundi Paa wodini, akiwa bado amepinda, "mgongo wangu wenyewe sasa unatafuta wa kuubeba."

Ndipo alipokuja afisa ustawi na fomu. Alisema serikali ina Makao ya Wazee, vitanda safi, wahudumu waliosomea. Fundi Paa alikuwa amelala, mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe kama mzani wa sokoni. Alimweleza afisa mambo mawili. La kwanza, kabla ya kumgusa mkono apewe karatasi aichane; vipande ishirini viko kwenye mfuko wa gauni lake la buluu, vikiisha wakate vingine. La pili, siku akikataa kabisa kuvua hata baada ya tiketi, wasipigane naye. Wamtupie kitu juu asipate baridi, wangoje atulie, wajaribu tena.

Afisa aliandika. Fundi Paa alitia dole gumba. Wakubwa wana kalamu, sisi tuna vidole gumba, na kidole gumba hakisomi kilichoandikwa juu yake.

Mama Tiketi alikaa Makao siku kumi na tisa.

Jumatatu, tarehe mbili ya mwezi wa saba, gari la Makao lilimrudisha. Fundi Paa alikuwa ametoka hospitali jana yake, yuko mlangoni na magongo mawili. Mkewe alikuwa amevaa gauni la Makao, rangi ya jivu, namba kumi na moja imedariziwa kwa uzi mwekundu kwenye ukosi. Lilikuwa safi, linanukia sabuni, na linampwaya. Alimtazama mumewe kama abiria asiyemjua.

"Yule wa kitanda cha pembeni," aliuliza, "ameshabadilishwa?"

"Nani, mama?"

"Yule wa pembeni."

Dereva alisema hajui, yeye ni wa gari, akaondoka.

Fundi Paa na shemeji yake, ambaye mgongo ulikuwa umeshanyooka, walimwingiza ndani, wakamkalisha kitandani. Fundi Paa alikaa kwenye kigoda, akatoa kipande cha karatasi. Mkewe alikichana. Mkono mzima ukatoka kwanza, kisha kichwa, kisha mkono mgonjwa. Gauni la Makao lilipovuliwa, chini yake palikuwa na gauni la Makao. Nalo lilikuwa na namba kumi na moja, nalo lilikuwa limelowa mkojo kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Wamemvalisha juu ya bichi," shemeji alisema.

Lilivuliwa. Chini yake palikuwa na jingine.

Nesi wa zahanati alifika saa tano kuutazama mguu wa Fundi Paa, akakuta magauni saba kwenye beseni. Alisimama akitazama la nane likivuliwa na la tisa likitokea. Mwili wa Mama Tiketi haukupungua wala kuongezeka. Ulikuwa uleule mwembamba, na kwa nje ungesema kavaa nguo moja tu. Uzito ulikuja gauni lilipomtoka.

"Limebaki lingine?" nesi aliuliza.

"Lipo."

"Toeni."

Aliinama, akanusa mgongo wa mgonjwa kwa utaratibu kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Alibonyeza taratibu chini ya kiuno, juu ya kitambaa. Mama Tiketi alikunja uso.

"Kidonda kiko hapa," nesi alisema. "Kinatokana na kulala upande mmoja kwenye unyevu. Baba, kidonda hiki kifikiwe kabla Ijumaa haijaisha. Baada ya hapo nitakuwa nasafisha mfupa, si nyama."

Kila gauni lilihitaji tiketi mbili, moja kwa kila mkono, na tiketi za Mama Tiketi hazikaguliwi kwa haraka. Baada ya magauni kumi na mawili midomo yake ilianza kutetemeka, akalia bila sauti. Waliacha hapo. Walimlaza upande wa kulia, mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, akiwa na gauni la kumi na tatu mwilini.

"Siku kumi na tisa, mara tatu kwa siku," Fundi Paa alisema. Hesabu ya mabati aliijua vizuri, na hii ilikuwa nyepesi kuliko ya mabati. "Hamsini na saba. Tukivua kumi na mawili kwa siku, Ijumaa mchana tumefika."

"Hawa watu wamemgeuza dada yangu kitunguu," shemeji alisema. "Ukimenya, unayelia ni wewe."

Jumanne shemeji alikuja na mkasi. Alisema hana muda wa kubembeleza kitambaa cha serikali. Alilikata gauni kutoka ukosi hadi pindo, na Mama Tiketi alipiga kelele tangu mkasi ulipoonekana hadi ulipofichwa. Lililokatwa walilitupa kwenye ndoo. Walipomgeukia mgonjwa, gauni lilelile lilikuwa mwilini mwake, limeshonwa kwa mishono mikubwa ya haraka kama ya gunia, na kwenye ndoo hapakuwa na kitu. Ilibidi livuliwe kama mengine. Shemeji aliurudisha mkasi kwenye kikapu.

"Kumbe yanataka adabu," alisema.

Magauni yalitoka kwa mpangilio wa siku, ya mwisho kwanza. Ya Jumatatu na Jumanne yalikuwa bado yana majimaji. Ya Jumatano yalikuwa yameanza kukauka na kuacha duara za manjano, duara ndani ya duara, kama ramani. Kwenye mfuko wa gauni la siku ya kumi walikuta vidonge vitatu vya presha, vimelowa vikakauka. Gauni la siku ya tisa lilikuwa na chai iliyomwagika kifuani, na chini ya chai ngozi ingekuwa imeungua kama isingekuwa na nguo ishirini na tano za kuikinga. Fundi Paa alilitazama lile muda mrefu. Ndilo pekee aliloshukuru.

Katikati ya kazi Mama Tiketi aliuliza swali lake. Yule wa kitanda cha pembeni ameshabadilishwa? Shemeji alimjibu ndiyo, dada, ameshabadilishwa. Mama Tiketi alimkazia macho.

"Wewe tiketi yako ni ya jana," alimwambia.

Alhamisi magauni yalikuwa yamekakamaa kama ngozi iliyowambwa juani. Yalitoa sauti yakivuliwa. Mkono mgonjwa ulikuwa umeanza kuvimba kwenye kiwiko, ikabidi Fundi Paa auingize mkono wake mwenyewe kwenye mkono wa kila gauni kwanza, akipanue kitambaa, ndipo autoe wa mkewe. Mguu wake ulikuwa unamwuma mpaka kwenye meno. Shemeji alimwambia apumzike.

"Nikipumzika Ijumaa itanisubiri?"

"Haya, usinivunjie mwingine hapa. Mguu mmoja unatosha."

Ijumaa, saa saba kasoro robo mchana, gauni la hamsini na saba lilitoka. Chini yake palikuwa na gauni la buluu la nyumbani, lenye vifungo vyeupe alivyovishona Fundi Paa kwa mkono wake, kimoja kimepinda. Lilikuwa limeshikana na ngozi. Nesi, aliyekuwa amefika na mfuko wake, aliliroweka kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mpaka likaachia.

Kwenye mfuko wa gauni la buluu zilikuwamo tiketi zote ishirini. Hakuna hata moja iliyochanwa.

Kidonda kilikuwa upana wa mdomo wa kikombe. Nesi alikiosha, akakitoa uchafu, akakifunga. Alisema kimefika nyamani lakini mfupa haukuguswa. Walimvalisha Mama Tiketi gauni la maua, kavu, lililopashwa joto juu ya birika, mkono mgonjwa kwanza. Alilala saa tatu mfululizo, na Fundi Paa akalala kwenye kigoda chake huku ameegemea gongo.

Alipoamka alikuwa ameshaamua. Angeyapeleka magauni yale Makao, yote hamsini na saba, jinsi yalivyo. Angeyamwaga mezani kwa meneja na kumwambia, nusa. Mtu mkubwa unaweza kumwandikia barua asiisome, unaweza kumpigia simu asipokee, lakini pua hana pa kuipeleka.

Alitoka nje. Magauni yote yalikuwa yameanikwa kwenye kamba. Shemeji alikuwa ameunganisha kamba tatu, ya kwake, ya jirani na ya fundi baiskeli, na magauni yalipepea mpaka kona ya mtaa, safi kuliko siku yalipotengenezwa.

"Umefua," Fundi Paa alisema.

"Nimefua. Umeona yalivyotakata?"

"Ule ulikuwa ushahidi."

Shemeji alinyoosha pindo la gauni. "Ulitaka ubebe mikojo ya dada yangu barabarani? Watu wanuse, waseme huyo ndiye Mama Tiketi? Shemeji, nguo ya watu hairudishwi chafu. Mimi sikulelewa hivyo, na wewe hukulelewa hivyo."

Kweli, Fundi Paa hakulelewa hivyo. Alikaa kizingitini mpaka magauni yakakauka, kisha akasaidia kuyakunja.

Jumamosi asubuhi alimfungua mkewe vifungo vya gauni la maua ili nesi akitazame kidonda. Chini ya gauni la maua palikuwa na gauni la Makao, bichi, lenye vuguvugu bado. Kwenye ukosi iliandikwa namba kumi na mbili.

"Hili si lake," shemeji alisema.

"La yule wa pembeni," alisema Fundi Paa.

Alilivua. Likaja jingine la namba kumi na mbili, kisha la namba kumi na nne, kisha la namba tisa. Siku ile yalitoka tisa. Jumapili yalitoka kumi na manne, na nesi, ambaye ana binamu aliyewahi kufanya kazi kule, alieleza kwamba Jumapili wodi nzima huwa na mhudumu mmoja. Ilikuwa wazi kwa kila mtu chumbani. Ya Mama Tiketi yalikuwa yamekwisha. Haya yalikuwa ya wenzake, kila gauni bichi lililoachwa mwilini mwa mtu na kufunikwa kavu. Yalikuwa yanakuja kuvuliwa mahali ambapo mtu angeyavua. Bandeji ya kidonda ilikuwa imelowa. Nesi aliibadilisha.

"Kingekaa pakavu wiki tatu tu kingefunga," alisema, na akaandika tarehe ya kurudi.

Jumatatu Fundi Paa alikwenda Makao kwa magongo, shemeji nyuma yake na viroba viwili kichwani na mkononi. Magauni themanini, yamefuliwa, yamekunjwa.

Meneja wa Makao alikuwa mwanamume nadhifu, shati limenyooshwa mpaka kwenye mikunjo ya kiwiko. Aliagiza viti. Aliwasikiliza bila kuwakatiza, kuanzia gauni la kwanza hadi yale ya namba kumi na mbili, na hakusema kwamba haiwezekani. Alifungua kiroba kimoja, akatoa gauni, akaligeuza ukosi, akasoma namba. Alihesabu kwa kidole.

"Themanini," alisema. "Afadhali. Tulikuwa na upungufu mkubwa, wahudumu wakawa wanashukiwa bure. Mzee, tunashukuru sana kwa uaminifu wako."

"Sikuja kushukuriwa," Fundi Paa alisema. "Nimekuja kuuliza. Mke wangu mlimvalisha siku kumi na tisa bila kumvua hata mara moja. Nani aliyeagiza?"

Meneja alifungua kabati, akatoa faili, akalipekua bila haraka na kuweka karatasi moja mbele yake. Fundi Paa alimsogezea shemeji. Shemeji alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Maelekezo ya mume. Akikataa kuvua, mvalishe juu."

Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba, na katikati ya dole gumba kovu la msumari ambalo Fundi Paa alilijua tangu ujana wake.

"Hilo dole ni lako, mzee?"

"Ni langu. Lakini nilisema mambo mawili. Nilisema apewe tiketi kwanza. Nilisema wangoje atulie, wajaribu tena."

Meneja aliivuta karatasi, akaitazama tena kwa nia njema kabisa.

"Nafasi ya maelekezo ni mstari mmoja," alisema. "Afisa aliandika kilichoenea. Ila nikuambie ukweli, maelekezo yako yametusaidia sana. Tuna wazee thelathini na wawili na wahudumu wawili. Kumvua mtu ni dakika ishirini, kumvalisha juu ni tatu. Mkaguzi alipokuja alikuta kila mzee amevaa kavu. Alituandikia sifa."

Alielekeza kwa kalamu. Ukutani, kati ya kalenda na picha ya jengo, palikuwa na tangazo lililopigwa chapa na kutiwa muhuri: KAMA HAKUBALI, MVALISHE JUU.

Fundi Paa aliyatambua maneno yake. Alikuwa ameyasema akiwa na homa, mguu umening'inia, akimwazia mkewe asipate baridi. Hakuwahi kuona neno lake limeandikwa ukutani, na sasa aliliona, na hakuweza kulisoma mpaka shemeji alipomsomea.

"Basi mimi nimelitoa," alisema. "Nalifuta."

"Lilishapitishwa," meneja alisema. "Limekwenda makao makuu, limerudi na muhuri. Mimi mwenyewe siwezi kuligusa."

"Na wewe ukilowa," shemeji alimwuliza, "wanakuvalisha suruali nyingine juu?"

Meneja alitabasamu kama mtu aliyezoea wafagiaji.

"Swali la mwisho," Fundi Paa alisema. Alikuwa amesimama tayari, magongo kwapani. "Wa kitanda namba kumi na mbili ni nani? Mke wangu anamwuliza."

"Hiyo ni siri ya mgonjwa."

"Sitaki ugonjwa wake. Nataka kujua kama amebadilishwa."

"Siri ya mgonjwa, mzee."

Njiani shemeji alisema ingefaa wayaache magauni bila kuyafua, ya kesho na kuendelea, wayarudishe yakinuka. Fundi Paa alikubali. Walijaribu siku moja. Kufika jioni nyumba ilikuwa haikaliki, nzi wamejaa, na kidonda cha Mama Tiketi kiko uchi chumba kilekile. Kesho yake asubuhi shemeji alifua.

Tangu hapo kazi imejipanga yenyewe. Kila Ijumaa gari la Makao huja mtaani, dereva hupiga honi mara mbili, shemeji hutoa viroba, dereva hutia saini. Mfua nguo wa Makao ameachishwa kazi kwa kuwa hana cha kufua. Alikuja mwenyewe siku moja, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyochubuka, akasimama uani akiitazama kamba.

"Mnaanika vizuri," alisema. "Mimi nilikuwa nageuza ndani nje."

Alimwonyesha shemeji namna ya kutoa duara za manjano kwa majivu na ndimu, akaenda zake. Hakuwalaumu, na wao walitamani awalaumu.

Mtaa umezoea. Idadi ya magauni huwapa watu habari: yakija kumi, ni siku ya kawaida, yakija thelathini, kuna mkubwa anatembelea Makao, na wenye vibanda barabarani huanza kufagia mbele ya milango yao. Afisa ustawi alipita akaandika kwamba mgonjwa anahudumiwa nyumbani kwa mafanikio. Shemeji alimwomba asome alichoandika. Alisoma. Kilikuwa mstari mmoja.

Kidonda hakikui wala hakifungi. Nesi hukifunga kikavu saa nne asubuhi, na alfajiri inayofuata kimelowa mikojo ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Fundi Paa ametolewa plasta, anachechemea. Juu ya paa hapandi tena. Huamka kabla ya mkewe, hukata karatasi, hupasha gauni moto juu ya birika, humkalisha ukingoni, miguu sawasawa, taulo mapajani. Tiketi, mkono mzima. Tiketi, mkono mgonjwa. Anapovua gauni la mtu asiyemjua hulivua taratibu, na akifika kwenye mkono wa kushoto hupunguza mwendo, kwa sababu hajui nani kati yao ana mkono unaouma.

La namba kumi na mbili ndilo lililokuja kwa wingi kuliko yote. Kila siku halikukosa, mara mbili, mara tatu. Lilikuwa na alama zake: ukosi umetafunwa upande mmoja, na kitufe cha tatu kimefungwa siku zote kwenye tundu la nne. Fundi Paa alikuwa amemzoea mtu huyo kama unavyomzoea jirani unayemsikia akikohoa nyuma ya ukuta. Alianza kukifungua kitufe kile na kukifunga mahali pake kabla ya kulitia gauni kwenye beseni.

Alhamisi moja, mwezi wa kumi na moja, yalitoka magauni kumi na moja. La namba tisa lilikuwepo, la namba kumi na nne, la namba ishirini. La kumi na mbili halikuwepo. Ijumaa halikuwepo. Fundi Paa alilitafuta mpaka chini ya godoro.

Gari lilipokuja alitoka mwenyewe.

"Wa kumi na mbili yuko wapi?"

"Mimi nachukua nguo, mzee," dereva alisema.

"Amehamishwa? Amerudi kwao? Kuna mtu ameanza kumvua?"

Dereva alitazama viroba, akatazama usukani. Alisema ataulizia. Ijumaa iliyofuata alisema aliulizia, wakamwambia ni siri ya mgonjwa. Nesi alimpigia binamu yake. Binamu alishaacha kazi. Shemeji alikwenda Makao siku ya kutembelea, akaambiwa wanaingia ndugu tu, akasema yeye ni ndugu wa namba kumi na mbili, akaulizwa jina la ndugu yake, akarudi.

Mama Tiketi sasa hudai tiketi tatu badala ya mbili. Mbili huzichana. Ya tatu huishika kwenye mkono mzima, haipindi, haiichani, hata anapogeuzwa ukutani na kufutwa na kukaushwa. Akishavalishwa gauni la maua na kukalishwa, huinyoosha kwa mumewe, na anapoona haichukui, huuliza kwa sauti ya dirishani, ya mtu mwenye foleni ndefu mbele yake:

"Yule wa kitanda cha pembeni, ameshabadilishwa?"